Mtungi wa maji na mtungi wa mvinyo

Jirani yangu hapa Soweto, Moshi, anauza mvinyo mwekundu wa Dodoma kwa glasi. Mwezi uliopita aliuhamishia kwenye mitungi ya udongo, akawaambia wateja kwamba udongo unaulainisha. Wengine wanamuunga mkono. Wengine wanasema mtungi ni pambo tu.

Wanaomuunga mkono wana hoja. Tangi la chuma cha pua halipitishi hewa. Pipa la mwaloni huipitisha kidogo, ila mti nao huacha harufu yake, ya vanila au ya kuungua. Udongo unapitisha hewa bila kuongeza harufu ya mti, na hewa hiyo ikiingia polepole hupunguza ukakasi unaokausha ulimi. Huko Georgia, nchi ya Kaukasi, mabaki ya mvinyo yamepatikana kwenye vyungu vya karibu miaka 8,000 iliyopita, na mwaka 2013 UNESCO iliuorodhesha utengenezaji wa mvinyo katika kvevri, mitungi yao mikubwa, kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Lakini kvevri hufukiwa ardhini ili joto lisipande na kushuka, na ndani hupakwa nta ya nyuki. Zabibu huchachukia humo humo pamoja na maganda yake, na mvinyo hukaa miezi mitano hadi sita. Sehemu kubwa ya rangi na ukali tunaousifia udongo inatoka kwenye maganda. Mvinyo wa jirani ulishachujwa na kufungwa kiwandani. Mtungi unabakiwa na kazi moja tu, kuuingizia hewa.

Na mtungi wetu unaingiza nyingi mno. Huchomwa kwa kuni mahali pa wazi, kwa moto mdogo kuliko wa tanuri, kwa hiyo unabaki na vitundu vingi. Ndiyo maana maji yake ni baridi: yanapenya, yanakauka nje, na joto linaondoka nayo. Sifa hiyo ya maji ndiyo kasoro ya mvinyo.

Nilijaribu mwenyewe. Nilinunua mtungi wa Upare sokoni, nikatia lita 5 za mvinyo, na chupa moja ya mvinyo uleule nikaiacha imefungwa. Siku ya tatu mtungi ulikuwa unatoka jasho jekundu, na vile vinzi vya ndizi mbivu vimeujaa mdomoni. Wiki ya pili mvinyo ulikuwa umeshuka vidole viwili na unanuka siki, kwa sababu bakteria wa siki wakipata hewa hugeuza kilevi kuwa asidi.

Mtungi wa pili niliupasha juu ya mkaa, nikausugua nta kwa ndani hadi udongo ukainywa. Huo haukutoka jasho. Baada ya wiki tatu mvinyo wake ulikuwa mlaini kidogo kuliko wa chupa, tofauti ambayo ningeikosa kama nisingeinywa yote miwili kwa zamu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni usafi. Vitundu vinabaki na mvinyo wa jana hata ukisuuza, ilhali chuma huoshwa kikatakata. Nimemshauri jirani apake nta, amimine mtungini mvinyo wa jioni ile tu, na unaobaki kwenye chupa aufunge vizuri. Kuhusu nta amekubali. Mitungi miwili ameshaipasha jana.