"Mungu ameamua": imani yetu na matokeo ya uchaguzi Kenya

Uchaguzi wa Kenya ukiisha tu kuna maneno mawili yanaanza kuzunguka kila mahali, "Mungu ameamua". Aliyeshinda anayasema, pasta wake anayarudia, shangazi anayatuma kwa grupu ya familia na picha ya njiwa. Na hii ni nchi ambayo sensa ya 2019 ilipata Wakristo ni zaidi ya asilimia 85, kwa hivyo hayo maneno si mapambo, mara nyingi ndio yanaamua yule aliyeshindwa kesho yake atafanya nini: atanyamaza, ataenda kortini, ama ataingia barabarani.

Mimi ni Mkristo na naamini Mungu yuko juu ya serikali zote. Lakini naona hayo maneno tunayatumia mahali ambapo hayafai, na yanatuumiza. Kabla sijaeleza, acha niwape haki yao wanaoyasema, manake wengi wao hawasemi kwa unafiki.

Andiko lao ni Warumi 13, "hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu". Ila kuliko andiko kuna kumbukumbu. Tarehe 1 Januari 2008, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walikimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God pale Kiambaa, karibu na Eldoret, wakijua kanisani hakuna mtu atawagusa, likachomwa wakiwa ndani na zaidi ya 30 wakafa, wengi kina mama na watoto. Ghasia zile kwa jumla ziliua zaidi ya watu 1,100. Sasa pasta aliyezika watu wakati ule, aliyelaza wakimbizi kwa mabenchi ya kanisa, akisimama 2013 ama 2022 akasema jamani tukubali turudi kazini, huyo usimuite mwoga, ameshaona ile njia nyingine inaishia wapi. Na NCCK, baraza la makanisa, lenyewe lilikiri Februari 2008 kwamba viongozi wake walikuwa wameegemea pande, kila mmoja na watu wa kwao, na ndio maana wakati wa kupatanisha ulipofika hakuna aliyewasikiza. Ukiisoma historia hiyo unaelewa kwa nini wahubiri wengi waliamua tangu hapo amani kwanza, mengine baadaye.

Hiyo hoja ni nzito na siipuuzi. Shida yangu inaanza na 2017.

Kura zilipigwa Agosti 8, Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi, na makanisani tukaambiwa Mungu ameshasema, wanaolalamika wanapingana na mapenzi yake. Halafu Septemba 1 Korti ya Juu ikafuta ule uchaguzi wote, mara ya kwanza Afrika korti kufuta ushindi wa rais. Sasa hebu tuulizane kwa heshima: wale waliotuambia Agosti ni Mungu, je Septemba Mungu alibadilisha mawazo? Hapana. Kilichotokea ni kwamba mambo ya fomu na mitambo na watu wa tume ya uchaguzi tuliyapandisha madhabahuni kabla hayajakaguliwa. Jina la Mungu lilibebeshwa hesabu ambayo majaji walikuja kusema haikufuata katiba na sheria. Hilo linaniuma kama muumini, hata kabla ya kuniuma kama mpiga kura.

Na si kweli kwamba imani ya Kenya siku zote imekuwa ya kunyamaza. KANU, chama kilichokuwa kinatawala peke yake, walipoleta kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, NCCK walipinga tangu 1986. Sababu yao moja ilikuwa ya kichungaji kabisa: pasta atasimamaje mbele ya kijiji kizima nyuma ya picha ya mtu mmoja, halafu Jumapili awape ushirika wote? 1988 mlolongo ukapigwa hivyo hivyo na wazee mpaka leo wanasimulia foleni fupi ilivyotangazwa mshindi mbele ya foleni ndefu, watu wakiwa bado wamesimama hapo. Maaskofu Waanglikana Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge, na mchungaji wa Presbyterian Timothy Njoya, hawa walisimama wakasema huu ni wizi, na walisema wakiwa na Biblia mkononi. Muge alionywa hadharani na waziri asikanyage Busia, akaenda, na akafa kwa ajali ya barabarani akirudi, Agosti 14, 1990. Upande wa pili AIC (Africa Inland Church), kanisa la Rais Moi wa KANU, lilijitoa NCCK mwaka ule wa 1986. Biblia moja, Warumi 13 ile ile, na hawa wote walikuwa wanaisoma. Tofauti ni kwamba kina Gitari walifika mpaka mstari wa nne unaosema mtawala ni mtumishi wa Mungu "kwa ajili ya mema", na mtumishi anaulizwa kazi yake.

Halafu kuna hii dhana kwamba kanisa likisema tu, waumini wanafuata. Sio hivyo. 2010 makanisa karibu yote makubwa yalipinga katiba mpya kwa sababu ya mahakama za kadhi na kile kipengele cha uavyaji mimba, maaskofu wakahubiri wee, na Wakenya wale wale wa kujaza makanisa wakapitisha katiba kwa karibu asilimia 67. Watu walisikia mahubiri, wakayapima na mambo mengine, ardhi, kabila, serikali mashinani, wakaamua. Lakini kampeni ile ilizaa kitu kingine, manake mwanasiasa aliyeongoza upande wa "La", wa kuikataa katiba, pamoja na maaskofu alikuwa William Ruto, na naona urafiki wake na makanisa ya kiinjili ulishika mizizi pale. 2022 wahubiri wengi walimbeba waziwazi kama mtu wao. Alipotangazwa mshindi wa urais pale Bomas, ukumbi wa Nairobi wa kujumlishia kura, Agosti 15, asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za mpinzani wake marehemu Raila Odinga, kwaya ilikuwa imetoka kuimba, vurugu zikazuka jukwaani, na makamishna 4 kati ya 7 wa tume ya uchaguzi wakakana matokeo. Korti ya Juu ikayathibitisha Septemba 5. Raila naye alikuwa Mkristo, Mwanglikana, na waliomwombea usiku na mchana hawakuwa wapagani.

Nakumbuka Jumapili moja baada ya matangazo yale, kanisani, aliyekuwa anaongoza sifa akasema tusimame tumshukuru Mungu kwa rais mpya. Upande mmoja wakaruka na vigelegele. Wengine wakasimama polepole wakiangalia chini, na mama mmoja mzee, mtu wa maombi ya alfajiri, alibaki ameketi na mkoba wake mapajani mpaka wimbo ukaisha. Kesi ilikuwa haijaenda hata kortini. Hakuna aliyemfuata kumuuliza. Hapo ndipo naona gharama ya "Mungu ameamua", sio kwa wanasiasa, wao watasalimiana, ni kwa huyo mama ambaye ameambiwa kwa njia ya mzunguko kwamba maombi yake yalikuwa upande mbaya.

Na pesa lazima tuziseme. Mwanasiasa anaketi kiti cha mbele, bahasha inatangazwa kwa maiki, anapewa "dakika mbili za kusalimia" zinazokuwa 30. Novemba 2024 Maaskofu Wakatoliki waliikosoa serikali hadharani kuhusu uongo, na siku chache baadaye Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza mchango wa rais kwa parokia ya Soweto, Nairobi, urudishwe. Kuna waliosema ni kiburi, sadaka ni sadaka, na parokia ilikuwa inajenga nyumba ya padri kweli. Naelewa uchungu huo. Lakini pasta aliyejengewa mabati na mgombea ataweza aje kusimama siku ya matokeo akasema ngojeni kwanza?

Hiyo "ngojeni kwanza" ndio naitaka. 2022 tume iliweka fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo cha kura, za vituo 46,229 kwa mtandao, kila mtu na simu yake angeweza kujumlisha. Kanisa lina vijana wanaojua hesabu na lina watu karibu kila kata. Likiwafunza kabla ya Agosti 2027 wakae vituoni kama waangalizi, wapige picha fomu, wasome majina na tarakimu, hilo linalinda amani kuliko mahubiri ya kuwatuliza watu ambao hawajaonyeshwa kitu. Na fomu zikionyesha kwamba mtu wetu ameshindwa, basi pasta amwambie hivyo muumini wake wazi, hata kama kijiji kizima kitamkasirikia, hata kama wiki ile sadaka itashuka.

Pasta wa Eldoret ama Kisumu ambaye usiku wa matokeo anasikia vijana na mapanga nje, huyo siwezi kumwambia asubiri fomu. Atoke awazuie, aseme lolote la kuokoa mtu. Ninachomuomba ni Jumapili inayofuata, akishika maiki, asiseme Mungu ndiye aliyehesabu.