Msikiti Mkuu wa Paris ni wa nani?

Sheria ya Ufaransa ya 1905 ilitenganisha dini na serikali: Jamhuri haimlipi kasisi, rabi wala imamu. Miaka 15 baadaye, mwaka 1920, Bunge likaidhinisha faranga 500,000 za kujenga Msikiti Mkuu wa Paris. Ili sheria isiguswe, fedha zilitolewa kwa jina la taasisi ya Kiislamu, na msikiti ukaingia humo humo. Sababu iliyotangazwa ni kuwaenzi askari Waislamu wa makoloni, waliokufa kwa makumi ya maelfu wakiipigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza.

Deni hilo lilikuwa la kweli. Anayeuita msikiti huo fadhila ya mkoloni anawasahau waliolala makaburini.

Lakini tazama nani alisimama mbele siku ya ufunguzi, Julai 1926: Rais Gaston Doumergue na Sultani Moulay Youssef wa Moroko. Vibarua kutoka Algeria waliojaa viwandani hawakuwa na sauti. Mwaka huo huo kikaundwa chama cha Étoile nord-africaine (Nyota ya Afrika Kaskazini), ambacho baadaye kiliongozwa na Messali Hadj, mpigania uhuru wa Algeria, na wanaharakati wake wakaukataa msikiti huo wakisema ni wa maonyesho. Hoja yao naiona nzito. Mafundi wa Moroko walichonga mbao za mwerezi na kupanga vigae vya rangi, mnara ukapanda mita 33. Wakati huo huo polisi walikuwa na ofisi mtaa wa Lecomte, iliyoanzishwa 1925, ambako mhamiaji wa Afrika Kaskazini alihudumiwa na kupelelezwa papo hapo. Tena msikiti uko wilaya ya tano, katikati ya Paris, karibu na bustani ya Jardin des Plantes. Mfanyakazi wa Gennevilliers, kule pembezoni, angeiwahije sala ya alasiri?

Hata hivyo, naamini wapinzani wale walisoma vizuri nia ya mjenzi, wakakosea kuhusu hatima ya jengo. Serikali iliweza kuchagua mahali na kumchagua wa kukata utepe. Haikuweza kuchagua nani atasujudu humo miaka 50 baadaye. Wahamiaji walileta familia zao, wakaoa, wakazaa, na Ijumaa wakajaa mpaka uani. Kwa wengi wao waliosali miaka mingi kwenye vyumba vya chini vya majengo, ule ulikuwa msikiti unaoonekana kutoka barabarani, usioomba radhi kwa kuwepo. Jambo hilo si dogo kwa mtu aliye ugenini.

Linalonisumbua zaidi ni la baadaye. Tangu 1982 Algeria ndiyo yenye sauti kubwa katika kuuendesha na kuugharamia. Wanaoutetea utaratibu huu wanauliza: kama Jamhuri hailipi, nani alipe? Ni swali la haki. Ila miongoni mwa askari wale walikuwamo pia Wasenegali na Wamali, na leo wajukuu wa nchi hizo, pamoja na Wakomoro, ni raia wa Ufaransa. Kumpata kiongozi wa msikiti kwa ridhaa ya Algiers kunawaacha nje ya nyumba iliyojengwa kwa jina la babu zao.