Tango ni la kijani, mnataka nini tena

Jana binti yangu yuko darasa la tano, hizi shule za kingereza, karudi na daftari nafungua nakuta 4 kwa 10, wino mwekundu kila mahali kama kuna mtu kachinjia kuku humo ndani. Na ile homuweki, ya misemo ya kingereza ya kufananisha vitu, niliifanya mimi. Mimi mtu mzima nimekaa nayo mpaka saa nne usiku.

Swali la kwanza, as nanihii as a cucumber, jaza nafasi. Sasa mimi matango nanunua sokoni kila wiki, kachumbari nakula, tango likoje? La kijani. Nikaandika green nikasonga mbele. Kosa! Eti jibu ni cool, yani mtu aliyetulia asiyepaniki ndo anafananishwa na tango. Mmeona lini tango likipaniki? Kwetu mtu mtulivu ni kama maji ya mtungini, hata mtoto anaelewa, mtungini hakuna mawimbi.

Ya pili as right as, nikaweka ruler maana rula ndo imenyooka. Kosa, jibu rain. Mtu akiwa mzima hana tatizo lolote basi yuko kama mvua!! Mvua gani hiyo jamani, labda ya kwao huko, hapa Dar masika ikikolea Jangwani hapapitiki unazunguka mji mzima unafika kwako viatu viko mkononi.

Ya popo nikapata, kipofu kama popo, nikafurahi, kuja kugugo nakuta popo anaona vizuri tu, masikio ndo yanamsaidia kuwinda gizani. Kwa hiyo pale nilipopata ni uongo na pale nilipokosa ndo ukweli, sawa.

Iliyoniuma ni ya kufa. As dead as nikaweka dead body, nani atabisha? Kabisha ticha, anataka doornail, msumari wa mlango. Nikasoma maelezo, wanasema misumari ya zamani ilikuwa ikigongwa ikatokeza upande wa pili wanaikunja ncha, haitoki wala huwezi kuutumia tena, ndo umekufa hivyo. Haya, ila maiti naye si amekufa? Kumbe hata Dickens mwenyewe, yule mwandishi wao maarufu, kwenye hadithi yake ya Krismasi ya 1843, ukurasa wa kwanza tu, kashangaa hii hii, anasema yeye angeona msumari wa jeneza ndo umekufa zaidi. Mwenye lugha yake anahoji anaitwa gwiji, mimi wa Mbagala nikihoji napigwa mkasi.

Afu kuna like. Sisi tuna kama, tuna mithili ya, zimetulia kila moja na kazi yake. Wao like hiyo hiyo ni kama, hiyo hiyo ni kupenda, mtoto kakutana na I eat like a horse ananiuliza baba huyu anakula huku anapenda farasi? Nikamwambia endelea tu mama, usiku umeenda. Kwenye kula wamemsifia farasi, hawajawahi kukaa meza moja na shemeji yangu.

Tulipoelewana na Waingereza ni kwenye gogo peke yake. Wao wanalala kama gogo na sisi tunalala kama gogo, hapo nikawaheshimu.

Sasa ya mwisho, as poor as, jibu la kitabuni ni panya wa kanisani, sababu kanisani hakuna jiko wala stoo ya chakula panya atakula nini. Mimi hiyo ilinishinda nikaenda kulala, binti akaijaza mwenyewe. Kaandika as poor as my father.

Ticha kaweka tiki. Kubwa, na Very good pembeni. Nimemuuliza mama yake hawa watu wamejuaje, ananijibu huku anakatia matango, si unadaiwa ada ya muhula wa pili.