Fundi Aliyetundikwa Pamoja na Paneli Yake

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye hata hakuwapo, amekwisha kutangaza katika kundi letu la mafundi wa paneli za kunyonya sauti kwamba nilishushwa na wazima moto kutoka orofa ya pili, nimeona heri niandike mwenyewe kabla habari haijafika kwa mama mkwe. Hapakuwa na wazima moto, wala hapakuwa na orofa. Nyayo zangu zilikuwa shubiri moja na nusu juu ya sakafu, na urefu huo ndio unaoniumiza kuliko tukio lenyewe, maana mtu akianguka kutoka juu sana angalau hupewa pole.

Mnaonifuata hapa mnakumbuka lile kanisa la Eastlands, Nairobi, ambalo mchungaji wake alikuwa akisema neno moja madhabahuni, na kabla halijaisha kuzunguka kwenye vigae na kuta za mawe, neno la pili limekwisha kulipanda mgongoni. Kamati ya kanisa, iliyonipa kazi ya kuua mwangwi huo, ilitaka tubandike trei za mayai ukutani. Nilikataa, kwa sababu karatasi nyepesi namna ile hainyonyi sauti ya maana. Kisha wakataka paneli zizuie malalamiko ya majirani, nami nikaeleza kwa subira kwamba paneli humeza mwangwi ndani ya ukumbi tu. Anayetaka sauti isivuke ukuta atafute uzito na azibe mianya ya milango na madirisha. Mzee mmoja wa kanisa aliandika maelezo hayo kwenye daftari, kisha akauliza tena kuhusu majirani.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kitambaa. Mama Mweka Hazina alitaka rexini ya rangi ya damu ya mzee, kwa hoja kwamba inapanguswa kwa kitambaa chenye maji na inavumilia watoto wa Sunday School. Hoja hiyo ni nzuri kwa kochi. Paneli inafanya kazi kwa sababu sauti inapenya kitambaa na kuingia kwenye nyuzi za faibaglasi iliyo ndani, ambako nguvu yake inaishia kwa msuguano. Ukiifunika kwa ngozi ya plastiki, sauti nyingi, hasa zile nyembamba, inagonga pale juu na kurudi ilikotoka. Kipimo chetu mafundi ni rahisi: weka kitambaa mdomoni upulize, na pumzi ikipita, sauti nayo itapita. Basi nilizunguka na Mama duka baada ya duka kule Eastleigh nikipuliza jora moja hadi jingine, mpaka muuzaji mmoja akamwuliza kwa sauti ya chini kama mgonjwa wake ni mzima. Alichagua polista nzuri inayopitisha hewa. Alichagua pia rangi ya maziwa, ijapokuwa nilimsihi achukue kijivu, kwa kuwa kitambaa cha namna hiyo hakifuliwi kikiwa ukutani. Husafishwa kwa kufyonzwa vumbi tu, na doa la mkono likiingia limeingia.

Ndiyo sababu tulikuwa tumevaa glavu nyeupe za pamba. Naomba mshike hapo, glavu nyeupe, maana zitarudi.

Kuta tatu zilikamilika salama. Paneli tulizilaza ukumbini zikiwa zimefunguliwa ili zizoee hewa ya mahali hapo kabla ya kupanda ukutani, kwa sababu kitambaa kilichovutwa kikiwa kikavu hulegea unyevu ukiingia, na mvua za Nairobi hazijawahi kumwogopa fundi. Ukabaki ukuta wa madhabahu. Huko tulitumia reli za alumini zenye mdomo: reli moja hufungwa ukutani kwa skrubu na mdomo wake huelekea juu, nyingine hufungwa nyuma ya paneli na mdomo wake huelekea chini. Unainua paneli, unaishusha, midomo inaumana, kazi imekwisha. Ukitaka kuitoa, huivuti mbele wala chini. Lazima uiinue kwanza. Kadiri inavyovutwa chini ndivyo inavyoshika.

Sasa nisomeni polepole.

Nilikuwa nimesimama juu ya benchi la kwaya, mgongo ukutani, uso ukumbini, ili nipokee paneli kutoka kwa mtu wangu wa mkono. Ilikuwa ya mita 1.2 kwa mita 1.2, unene wa sentimita 5, uzito wa takriban kilo 7, na ikishafika mikononi ilinifunika kuanzia paji la uso hadi magotini. Nikasema, "Sogeza kidogo kushoto." Nilikuwa nasema habari za paneli. Kijana, ambaye mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa chini wa paneli hiyohiyo, akasogeza benchi kwa mguu. Nilisikia mguu wa benchi ukikwaruza vigae, kisha sikusikia chochote, kwa maana ulikuwa umefika ukingoni mwa jukwaa na kuteleza hewani. Nikashuka. Sikushuka sana. Ovaroli yangu ni ile ya mikanda inayopishana mgongoni, na mahali inapopishana pana kipande cha ngozi kilichoshonwa imara. Kipande hicho kikapita nyuma ya mdomo wa reli, kikakaa, kikatulia. Benchi likaanguka kando. Kijana akarukia pembeni kuokoa vidole vyake. Mimi nikabaki ukutani, nimekumbatia paneli ya rangi ya maziwa ambayo singeweza kuiachilia, nikining'inia kama koti la mgeni.

Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Mchungaji, Mama Mweka Hazina na wageni kutoka kanisa jingine walikuwa wamekuja kuona kazi. Walichokiona ni paneli iliyo ukutani, yenye glavu nyeupe mbili pembeni na viatu vya kazi vinavyopiga mbizi chini yake.

Sikuwaona. Nilisikia nyayo, nikadhani ni kijana amerudi, nikamnong'oneza: "Fanya haraka, Mama Mweka Hazina akinikuta hivi hatatoa lile salio, na unajua alivyo mgumu."

Wiki moja kabla ya hapo mnong'ono huo ungepotelea kwenye dari. Sasa kuta tatu zilikuwa zimekwisha kufungwa, mwangwi umemezwa, na kila silabi ikasafiri safi hadi mlangoni. Kimya kidogo. Kisha Mchungaji akasema kwa furaha ya kweli, "Mnasikia? Kila neno!"

Walikimbia kunisaidia, wakanishika miguu na kuivuta chini kwa upendo wote wa Kikristo. Reli ikashika zaidi. Nikapaza sauti kutoka nyuma ya kitambaa: "Niinueni kwanza! Niinueni, kisha mnivute mbele!" Mgeni mmoja alifikiri ni sehemu ya maonyesho akapiga makofi. (Ninyi mnaouliza kama kuna video: ipo, na mwenye nayo ananidai chakula cha mchana.) Kitaalamu nilikuwa kazini hata wakati ule, kwa maana mwanafizikia Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kuchunguza mwangwi wa ukumbi mmoja mwaka 1895 kwa kuhamisha mito ya viti usiku, aligundua kwamba hata mwili wa mtu na nguo zake hunyonya sauti.

Yaliyofuata ni machache. Waliniinua. Mama alikagua paneli kabla ya kunikagua mimi, akakuta alama ya paji langu la uso, na kuigeuza juu chini haikuwezekana kwa kuwa mishale ya nyuma inataka nyuzi zielekee upande mmoja, la sivyo mwanga huifanya ionekane ya rangi nyingine. Tukabadilisha kitambaa jioni ile. Salio lililipwa kamili, bila neno, jambo lililonitisha zaidi kuliko kama angegomba.

Wageni nao wanataka kazi kama hiyo. Mwenyekiti wao aliuliza swali moja tu, kama reli zile zinaweza kubeba uzito wa kutosha, na kabla sijafungua mdomo Mama Mweka Hazina akamjibu, "Kilo 78. Pamoja na paneli, 85."