Kanvasi inayosahau ulichochora

Mafunzo ya kuandika programu ya kompyuta yenye kanvasi, yaani eneo la kuchorea kwa kipanya, yananikera kwa jambo moja: yanamwambia mtu aiandike programu ichore moja kwa moja juu ya dirisha kila kipanya kinaposogea. Inapendeza mwanzoni. Hebu ficha dirisha, kisha ulirudishe: mchoro wote umeyeyuka! Mfumo huagiza dirisha lichorwe upya, na kama mistari hukuihifadhi popote, kitachorwa nini? Weka nukta kipanya kilipopita kwenye orodha ili zichorwe tena, au chora kwanza kwenye picha iliyo kwenye kumbukumbu, kisha uihamishie yote kwenye skrini kwa mkupuo. Kwa njia hiyo ya picha, hata ule mpepeso wa skrini unaoumiza macho unapungua. Na skrini ikikuzwa hadi asilimia 150 bila programu kurekebisha vipimo, mstari unaweza kutokea kando ya kishale. Jamani, haya si ya kuachwa mpaka mwisho! Wanaoanza wanateseka bure.