Mzigo na mpagazi: je, kufikisha dawa ya saratani ni kazi ya maisha?

Mwanasayansi wa saratani anaweza kufanya kazi miaka arobaini bila kugundua dawa hata moja. Anachukua dawa waliyoigundua wengine, yaani mzigo, kisha anaitafutia chombo cha kuibeba, yaani mpagazi, akihangaika na swali moja: itafikaje kwenye uvimbe bila kuuharibu mwili mzima njiani? Wapo wanaoona kwamba akili na fedha hizo zingeelekezwa kwenye dawa mpya. Lawama yao ni nzito kuliko watetezi wa fani hii wanavyopenda kukiri.

Mwaka 1986, huko Kumamoto nchini Japani, Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe huvuja, na kwamba molekuli kubwa zikishapenya humo hukwama. Imani ikazaliwa: tengeneza chembe ya kubeba dawa yenye ukubwa unaofaa, nayo itajipeleka yenyewe. Makala mengi mno yaliandikwa juu ya imani hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walipitia tafiti za miaka kumi, wakakuta kwamba, kwa kipimo cha kati, chembe zilizofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 tu ya zilizodungwa. Na hizo ni tafiti za wanyama, hasa panya. Uvimbe wa panya wa maabara hukua kwa wiki chache, mara nyingi ukawa mkubwa kupindukia kwa mwili wake, na mishipa yake hujengeka ovyo kwa haraka. Wa binadamu huchukua miaka, na kuvuja kwa mishipa yake hutofautiana hata ndani ya mgonjwa mmoja. Mtu anaweza kujenga jina lake lote juu ya panya waliopona.

Baadhi ya wafamasia walijibu kwamba hata dawa ya kawaida, ikidungwa bila kibebeo, sehemu yake kubwa huishia kwingine. Ni kweli. Jibu hilo linapunguza makali ya takwimu, haliifuti.

Sasa tuitazame doksorubisini. Huua seli za saratani vizuri, lakini huumiza moyo, na madhara hayo hulimbikizana dozi kwa dozi, hivyo daktari hulazimika kuweka kikomo cha kiasi ambacho mgonjwa atapewa maishani. Yechezkel Barenholz na daktari Alberto Gabizon, huko Jerusalem, waliifunga dawa hiyo ndani ya liposomu, yaani vifuko vidogo vya mafuta. Vifuko vya kwanza walivyowajaribia wagonjwa katika miaka ya 1980 vilidakwa na ini na wengu, na dawa ikavuja mapema. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kizazi kilichofuata cha vifuko kilivishwa koti la polima ili mwili usikitambue haraka, na dawa ikafungiwa ndani kwa kutumia chumvi ya amonia. Mwaka 1995 Marekani ikaiidhinisha kwa jina la Doxil.

Je, iliongeza maisha? Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliopewa Doxil hawakuishi muda mrefu kuliko waliopewa doksorubisini ya kawaida. Karibu nusu ya waliopewa Doxil walipata vidonda na maumivu ya viganja na nyayo. Faida waliyopata ni kwamba mioyo yao haikuumia sana kama ya wenzao. Mkosoaji atasema huo ni ushindi mdogo. Mimi siwezi kuuita mdogo: kati ya miaka miwili ya kuhema kitandani na miaka miwili ya kupanda ngazi kwa miguu yako, idadi ya miaka ni ileile, maisha ni tofauti.

Tena, hoja kwamba mpagazi hawezi kurefusha maisha imeshapitwa na wakati. Dawa ya Enhertu ni kingamwili iliyobebeshwa sumu inayotokana na eksatekani, molekuli iliyojaribiwa peke yake ikaachwa. Mwaka 2022 ilionekana kwamba wagonjwa wa saratani ya matiti iliyosambaa yenye kiasi kidogo cha HER2 (protini ya juu ya seli ambayo kingamwili hiyo huishika) waliopewa Enhertu waliishi miezi 23.4 kwa kipimo cha kati, dhidi ya 16.8 kwa waliopewa tibakemikali. Mzigo uliotupwa ulipata mbebaji anayejua mlango wa kubisha, ukawa dawa. Kabla yake Mylotarg, kingamwili nyingine iliyobebeshwa sumu, ya kutibu saratani ya damu, iliidhinishwa mwaka 2000, ikaondolewa sokoni Marekani mwaka 2010, ikarudi mwaka 2017 kwa dozi ndogo. Molekuli haikubadilika, ulibadilika utoaji wake.

Kwa hiyo ugomvi wa mzigo na mpagazi naona umekosewa mahali pa kukata. Kinachotenganisha kazi yenye tija na iliyopotea ni mapema kiasi gani mtafiti alikutana na mgonjwa. Jerusalem walishindwa kwa binadamu, na kushindwa huko ndiko kulikowaambia ini linafanya nini. Aliyebaki na panya hakuambiwa. Lakini jaribio la binadamu huchukua miaka na huzaa makala machache, huku vyeo vingi vya vyuo vikihesabiwa kwa makala. Kijana anayeingia fani hii leo anasukumwa kuelekea kwa panya na walewale wanaomtaka alete dawa.