Kikosi bora cha msimu: kura ya wachezaji inalaumiwa kwa kosa la kalenda

Juni 2022 Chama cha Wachezaji wa Kulipwa cha England (PFA) kilitangaza kikosi bora cha msimu wa Ligi Kuu, kinachochaguliwa kwa kura za wachezaji wenyewe, na mbele walipangwa Mohamed Salah, Sadio Mané na Cristiano Ronaldo. Son Heung-min hakuwemo. Alikuwa amefunga mabao 23 bila penalti hata moja na kugawana tuzo ya mfungaji bora na Salah. Ronaldo alimaliza na 18. Wanaotaka wachezaji wanyang'anywe kura hiyo wana mfano wao mkononi: wanachagua majina, wanasema, bora kazi waachiwe watu wa takwimu.

Hebu tuyapange mabao hayo kwa tarehe. Asubuhi ya Machi 20, 2022, Ronaldo alikuwa na mabao 12, matatu kati yake akiwa amewafunga Tottenham, timu ya Son, siku nane nyuma. Son alikuwa na 11. Kuanzia jioni hiyo Son akafunga mawili dhidi ya West Ham, moja kwa Newcastle, matatu kwa Aston Villa, mawili kwa Leicester, moja kwa Liverpool, moja kwa Arsenal, na mawili kwa Norwich siku ya kufunga ligi. Mabao 12 katika mechi 10. Aliyejaza karatasi katikati ya Machi angemwacha Son bila kuhitaji kupofushwa na jina la mtu.

Na kujaza mapema ndiyo ilikuwa desturi. Hafla ya 2016 ilifanyika Aprili 24, ya 2019 Aprili 28, mechi bado zipo. Kura lazima zilikuwa zimeshahesabiwa. Mechi 10 ni zaidi ya robo ya ligi ya mechi 38, tena ile robo ya kuamua bingwa na wa kushuka daraja. Ukiiweka pembeni, hata kompyuta itakupa kikosi chenye kasoro.

Tukubali pia kwamba jina hubeba kura. Manchester United ya msimu ule ilimaliza ya sita, na straika mwenye mabao 12 Machi asiyeitwa Ronaldo pengine asingepata nafasi. Hilo siwatetei.

Lakini takwimu nazo zina upofu wake. Chukua pointi za Fantasy, mchezo wa mtandaoni wa kujipangia kikosi cha wachezaji wa ligi, ambazo wengi wetu ndizo tunazobishania. Beki hupata 4 timu yake isiporuhusu bao, kiungo hupata 1. Pasi ya bao ni 3. Kwa mizani hiyo N'Golo Kanté, kiungo wa Leicester wa 2015-16, mwenye bao moja tu la ligi, ni mtu wa benchi. Wachezaji walimweka kikosini pamoja na Wes Morgan, Riyad Mahrez na Jamie Vardy, kwa sababu wao ndio walionyang'anywa mipira na Kanté. Fantasy yenyewe ilianza kulipa ukabaji msimu wa 2025-26. Isitoshe, PFA haimruhusu mchezaji kumpigia mwenzake wa klabu moja, kinga ambayo kura ya mashabiki mtandaoni haina. Kule klabu yenye watu wengi inashinda, basi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni William Saliba, beki wa kati wa Arsenal, 2022-23. Aliumia Machi na kuishia mechi 27, na watu wakahoji inakuwaje mtu aliyekosa mechi 11 aingie kikosini. Arsenal walivuna pointi 66 kati ya 81 katika mechi zake 27. Katika 11 zilizobaki walipata 18 kati ya 33, na Manchester City wakachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi tano. Si yeye peke yake aliyekosekana, beki mwenzake Tomiyasu naye alikuwa nje, lakini washambuliaji waliokutana na Saliba walishajua thamani yake kabla jedwali halijaonyesha.

Kikosi hichohicho kina kasoro ya kweli kwenye ulinzi: Trippier kulia, kisha Saliba, Dias na Stones. Beki wa kushoto hakuna. Ukihesabu mabeki kwa jumla badala ya kila nafasi na kura zake, mabeki wa kati watakula nafasi za pembeni.

Sasa hafla imesogezwa Agosti (2023 ilikuwa tarehe 29, 2024 tarehe 20), hivyo hakuna kinachozuia karatasi kutolewa baada ya mechi ya 38. Zitenganishwe nafasi 11, kila mtu aandikwe pale alipocheza dakika nyingi zaidi. Kazi itabaki kwa watu kama Stones, ambaye kwenye karatasi ya kikosi alikuwa beki, na City wakiwa na mpira alikuwa amesimama kiungo pembeni ya Rodri, kiungo wao wa kati. Mimi ningemhesabu kwa nafasi anayokaba, maana winga na straika wanaompigia kura walikutana naye huko.